Mtoto Niliyemwandika Vibaya

Siku niliyoripoti kazini, Mwalimu Mkuu hakuniomba cheti. Aliniuliza kama naogopa popo.

"Darasa lako lilikuwa stoo," alisema, akinikabidhi ufunguo mkubwa wenye kutu. "Waliomo humo bado hawajapata barua ya uhamisho."

Nilikuwa nimemaliza chuo wiki tatu tu nyuma. Mimi ni mwanamke wa Lindi, na nilikuwa sijawahi kulala kisiwani. Nilishuka Kilindoni, Mafia, na sanduku moja, godoro lililofungwa kamba, na barua iliyosema nimepangiwa kitengo cha elimu maalumu. Kwenu nyinyi mnaoanza kazi leo, maneno hayo ni ya kawaida. Wakati ule hata karani aliyeipokea barua yangu aliisoma mara mbili, kisha akaniuliza umaalumu wangu ni upi hasa, na kama nimetumwa na mkubwa gani. Nikamweleza kwamba kitengo ni darasa moja au mawili ndani ya shule ya msingi ya kawaida, wanamosomea watoto wenye ulemavu. "Aa, wale," akasema, na akagonga muhuri.

Mwalimu Mkuu alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyepitia jeshi kabla ya ualimu na ambaye bado alitembea kama anakagua gwaride. Alinipeleka mpaka mlangoni pa stoo huku akiniarifu juu ya wanafunzi.

"Wako tisa. Wawili hawaoni. Mmoja miguu haimchukui. Watano wazito wa kuelewa. Wa tisa sijui ana nini, utaniambia wewe."

"Mwalimu, mimi nilisomea ulemavu wa akili peke yake."

"Na mimi nilisomea Jiografia," akajibu. "Leo asubuhi nimehesabu mabati."

Nieleze kidogo hapo. Chuoni tuligawanywa katika fani tatu. Waliochukua fani ya wasioona walijifunza nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa ncha za vidole. Wa viziwi walijifunza lugha ya alama. Sisi wa ulemavu wa akili tulijifunza kuivunja kazi moja katika hatua ndogondogo. Kufunga kifungo cha shati, kwa mfano, ni hatua saba, na mtoto anaweza kukaa juma zima kwenye hatua ya tatu bila mwalimu kukasirika. Fani za wenzetu tuliguswa nazo kidogo tu, siku chache kila moja, kama mtu anayeonjeshwa mchuzi. Kisha tukapelekwa makazini, na huko watoto walikuwa hawajagawanywa kwa fani.

Kwa hiyo miezi yangu ya kwanza ilikuwa ya kubabaika. Nikiwafundisha wasioona kwa mdomo, wale watano wanasinzia. Nikiwapa wale watano shanga za kutunga, wasioona wananiuliza kulikoni. Yule wa tisa, ambaye Mwalimu Mkuu hakujua ana nini, nami sikujua. Nilikuwa naandika andalio la somo kila jioni, yaani mpangilio wa kipindi cha kesho, na kila kesho ilipofika sikuweza kufuata hata mstari wa pili.

Katikati ya mwaka ule nikaitwa na Afisa Elimu Maalumu wa wilaya. Alikuwa mpole, mnene kidogo, mwenye kupenda majedwali. Ukutani kwake alibandika karatasi kubwa yenye safu: wasioona, viziwi, akili, viungo. Safu ya viziwi ilikuwa tupu, na utupu huo ulimkera kidogo, lakini hakujua la kuufanya.

"Mwalimu, watoto wako wapo, ila wamefichwa," aliniambia. "Zunguka. Nenda Juani, nenda Bwejuu, panda Kanga. Kila utakayemkuta, jaza fomu."

Fomu ya upimaji ilikuwa na kurasa nne. Ilitaka ujue mtoto anaonaje, anasikiaje, anaelewaje, anatembeaje. Kwa kusikia nilipewa kengele ndogo ya shaba. Unamkalisha mtoto akupe mgongo, unaipiga kengele nyuma ya sikio la kulia, kisha la kushoto, unaangalia kama atageuka. Mashine za kupimia masikio hatukuwa nazo. Zilikuwa bara, na hata huko nilizisikia tu.

Ndivyo nilivyofika Juani, kwa bibi mmoja aliyeitwa Bi Mwanahawa.

"Hodi hapa!"

"Karibu, mwanangu, karibu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa wagonjwa?"

"Wa watoto wenye ulemavu, bibi."

"Ndo hao hao. Kaa kitako."

Alikuwa anamenya muhogo. Pembeni yake msichana wa miaka kama minane alikuwa anasuka ukili, ule utepe wa miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, na vidole vyake vilikwenda upesi kuliko macho yangu yalivyoweza kuvifuata. Ndiye Mwanaidi. Mama yake aliolewa Kilwa akamwacha kwa bibi, na baba yake alikuwa akihama na madago, kambi za wavuvi, haonekani ila msimu hadi msimu.

"Hasemi," Bi Mwanahawa alisema.

"Anasikia?"

Bibi alitupa ganda la muhogo. "Akitaka, anasikia."

Nikatoa fomu na kengele. Bibi akavitazama vile vitu kama mtu anayetazama hakimu akiingia.

"Mtihani wake mgumu?"

"Si mtihani, bibi. Ni upimaji tu. Lazima fomu ijae ndipo apate nafasi shuleni."

"Basi ijaze," akasema. "Mtoto wangu hashindwi."

Nilimgeuza Mwanaidi akanipa mgongo, akawa ameelekeana na bibi yake. Nikapiga kengele kuliani. Akageuka kulia. Nikapiga kushotoni. Akageuka kushoto. Nikarudia mara sita, nikichanganya pande, na kila mara alipatia. Nilifurahi kweli, maana lilikuwa jambo la kwanza kwenda kama kitabu kilivyosema tangu nianze kazi. Nikaandika: *Anasikia vizuri.*

Kisha nikaja mbele yake nikamwuliza jina lake. Akanitazama midomo. Nikamwambia achukue kikombe. Hakuchukua. Nikamwambia anioneshe bibi yuko wapi. Akatabasamu tu. Mtoto anayesikia vizuri, hasemi, haelewi maneno mepesi: chuoni kwetu jibu lilikuwa moja. Nikaandika: *Ulemavu wa akili, wa wastani.* Nikatia sahihi.

"Kafaulu?" Bi Mwanahawa aliuliza.

"Amepata nafasi, bibi."

Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili yenye utomvu wa muhogo, akaniombea dua ndefu mpaka nikaona haya.

Mwaka uliofuata bibi alihamia Kilindoni kwa mwanawe wa kiume ili amlete mjukuu shule kila asubuhi. Alimshonea sare na akamfunga ushungi mweupe uliopigwa pasi. Alimfikisha mlangoni, akamsukuma bega taratibu, akaondoka.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa kwa namna nyingine. Mtoto niliyemwandika kuwa haelewi alielewa kila kitu. Juma la kwanza aliniangalia nikigawa uji. Juma la pili aliupanga yeye, vikombe kumi, cha yule wa miguu kimejaa nusu kwa sababu mikono yake ilitetemeka na cha kujaa kingemwagika. Sikumfundisha hilo. Aliwajua wanaotaka kwenda chooni kabla hawajajijua. Aliwaosha, akawachana nywele, akamshika mkono asiyeona na kumzungusha kwenye kingo za meza mpaka akaizoea. Nikiwa nafundisha wawili wale nukta nundu, ambayo nilikuwa naisoma mwenyewe usiku mmoja kabla yao, yeye aliwashughulikisha wengine.

Nilipaswa kujiuliza. Nilijiuliza, kwa kweli, ila nilijijibu upesi. Niliandika kwenye taarifa ya muhula kwamba amepata maendeleo makubwa sana katika stadi za kujihudumia. Afisa akanipongeza. Alikuja na wageni, akawaonesha Mwanaidi akigawa uji, akawaambia, "Huyu alikuja hajui hata kikombe ni nini."

Wageni wakapiga makofi. Mwanaidi akawatazama mikono.

Miaka karibu mitatu ikapita hivyo. Popo nao hatimaye walihama, bila barua.

Siku moja saa nne asubuhi, katika mapumziko, nazi ilianguka juu ya bati la darasa letu. Nyie mnaijua nazi ikitoka juu ya mnazi mrefu. Ulikuwa mlio kama wa bunduki. Watoto wote waliruka. Mmoja alianza kulia, wa miguu alidondosha kikombe, mimi mwenyewe nilijikuta nimesimama na mkono kifuani. Mwanaidi alikuwa ameketi dirishani, ametupa mgongo, anamsuka nywele mtoto mdogo. Yule mdogo alishtuka akajikunyata. Mwanaidi akamtazama kwa mshangao, akamrudisha kichwa mahali pake, akaendelea kusuka.

Kisha nikachukua kengele kabatini, nikaenda nyuma yake. Nikapiga. Nikapiga karibu zaidi, mpaka kengele ikakaribia kugusa sikio. Alikuwa anagawa nywele kwa kitana, kwa utulivu kabisa.

Nilimfuata Bi Mwanahawa nyumbani mchana ule ule. Nilimkuta barazani.

"Bibi, Mwanaidi hasikii."

"Ndiyo," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu azaliwe. Hata radi hajui ni nini, hushangaa tukikimbia."

"Lakini Juani nilipompima alikuwa anageuka! Kila upande!"

Bi Mwanahawa alivuta kanga yake, akatazama chini kama msichana. "Nilikuwa namwonesha kwa kidevu, mwanangu. Wewe ukipiga huku, nami nampa kidevu huku. Ulisema lazima fomu ijae ndipo apate nafasi."

"Nilisema si mtihani!"

"Ulisema. Lakini ulikuja na karatasi na kalamu na kengele, ukaandika, ukatia sahihi. Mtihani ungekuwaje tena? Nikaogopa angefeli, mngemwacha." Akanyanyua macho. "Nimekosea?"

Niliona hasira ikija, nikaona haina pa kushukia. Yeye alimpigania mjukuu wake kwa kile alichokuwa nacho, na alichokuwa nacho ni kidevu. Mimi nilikuwa na cheti, nikakaa nyuma ya mtoto mara sita bila kuinua macho kumtazama aliyekaa mbele yake.

Sasa niwaambie jambo ambalo sikuwahi kuliandika katika taarifa yoyote. Sikwenda kwa Afisa kesho yake, wala juma lililofuata. Nilikaa muhula mzima. Nilijiambia nafanya uchunguzi zaidi. Ukweli ni kwamba watoto walikuwa wamefika kumi na wanne, nami nilikuwa peke yangu, na kila nilipowaza Mwanaidi akiondoka niliona vile vikombe, nikaona wale watoto wa kuoshwa, nikaiweka kalamu chini. Mwalimu wa watoto maalumu alikuwa anamficha mtoto kwa sababu anamfaa kazi. Wazazi wa vijijini tuliwasema kwa hilo hilo.

Nilipokwenda hatimaye kwa Afisa, alivua miwani.

"Unataka kuniambia kwa miaka mitatu tumemhesabu katika safu isiyo yake?"

"Ndiyo, mzee."

"Na wageni wakampigia makofi." Alitazama jedwali lake kwa muda mrefu. "Mwalimu, mtoto ana afya, anakula, anafurahi. Shule ya viziwi ya bweni iko bara, inapokea watoto wadogo. Huyu anaelekea miaka kumi na miwili. Wataniuliza alikuwa wapi. Mwache. Fomu ikishapita, imepita."

Nilirudi shuleni nimechoka, na nakiri nilikuwa nimepata ahueni kidogo, ile ahueni chafu ya mtu aliyekatazwa kufanya asilotaka kufanya. Mwalimu Mkuu alinikuta nimekaa kwenye ngazi. Nilimsimulia yote, hata ule muhula nilionyamaza. Hakunifariji.

"Aliyeandika ni nani?" aliuliza.

"Mimi."

"Sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Basi kilichoandikwa kwa kalamu hufutwa kwa kalamu. Kaa ofisini kwangu uandike. Uandike kwamba ulikosea, usiandike kwamba kulitokea kosa."

Niliandika barua ile mara nne. Ya nne aliikubali, akaipeleka mwenyewe kwa Afisa, na sijui walisemezana nini ofisini mle, ila juma la pili Afisa aliniita akanipa barua ya utambulisho kwa shule ya bara. Hakuniangalia usoni, lakini alikuwa ameandika vizuri, tena kwa kumwombea mtoto.

Ilibaki kumwambia Mwanaidi. Na hapo ndipo nilipotambua kina cha tulichokifanya. Hatukuwa na lugha ya kumwambia. Alikuwa na ishara za nyumbani na bibi yake: kula, lala, njoo, mvua, mbaya, nzuri. Ishara ya "shule" ilikuwa kugusa ushungi. Ishara ya "utakwenda mbali, utajifunza, utarudi likizo" haikuwapo. Bi Mwanahawa aligusa ushungi, akanyoosha mkono kuelekea baharini, kisha akagusa kifua chake na kutikisa kichwa kwamba yeye hatakwenda. Mwanaidi alinitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa, nikatabasamu. Naye akatabasamu.

Tulivuka hadi Nyamisati, upande wa bara, tukapanda basi, tukafika jioni ya mapema. Uwanjani watoto walikuwa wengi, mikono yao yote inakwenda, na ukimya ule uliojaa maneno ulinitisha. Mwanaidi alisimama akawaangalia. Kisha akaona vikombe vya chai vimeachwa juu ya meza ndefu, akakunja mikono ya gauni lake, akaanza kuvikusanya.

Matroni, mama mtu mzima anayeangalia mabweni, alinivuta pembeni. "Ondoka sasa hivi akiwa ameshughulika, mwalimu. Ukiaga mtalia wote wawili." Nilimtii. Nilipita mlango wa nyuma wa jiko. Sikumuaga.

Likizo ya kwanza Mwanaidi alirudi Mafia. Nilimsubiri shuleni, hakuja. Nilikwenda kwao na kanga ya zawadi. Alipoiona sura yangu mlangoni aliingia ndani, na Bi Mwanahawa akatoka peke yake akaniambia, "Mwache, mwalimu. Nikigusa ushungi kumtajia wewe, hugeuza uso." Nikajua amekwisha kuelewa nilichomfanyia. Amefundishwa lugha, amewaona wenzake wa umri wake wako mbele madarasa matatu, amepiga hesabu. Sikwenda tena. Baadaye nikasikia anasoma ushoni, kisha yuko Dar es Salaam, fundi cherehani.

Kazi yangu iliendelea, nami niliendelea kutoielewa. Nilihamishiwa Kanga, shule isiyo na kitengo, nikafundisha Hisabati ya darasa la tano kwa miaka mitano, kwa sababu aliyenipanga hakusoma mstari wa mwisho wa barua yangu. Nikarudishwa Kilindoni. Akaja Afisa mpya, kijana hodari, akasema sasa ni elimu jumuishi, maana yake mtoto mwenye ulemavu asome darasa moja na wenzake wa kijijini kwake. Nililipenda wazo lile. Tukavunja kitengo, watoto wakakaa madawati ya nyuma katika madarasa ya watoto themanini, wakawa wamejumuishwa na ukuta. Baada ya miaka miwili Afisa mwingine akasema rudisheni kitengo. Tukarudisha, na wengine walikuwa wameshaacha shule. Nani alikuwa na haki? Nimekaa vikao vya pande zote mbili, nikaitikia pande zote mbili, na kila upande ulikuwa na mtoto wa kutolea mfano.

Nilipelekwa pia semina ya lugha ya alama, wiki mbili. Nilikuwa mkubwa kuliko wote, vidole vimekakamaa. Nilijifunza salamu, majina, pole, asante. Kila jioni nilifanya mazoezi mbele ya kioo, na kila jioni nilimfikiria mtu mmoja.

Nilistaafu nikiwa na miaka sitini. Hotuba zilikuwa nzuri. Nilisifiwa kwa kuwaibua watoto waliofichwa, na nilipopewa nafasi ya kusema nilisema asanteni tu, wakadhani ni machozi.

Sikurudi Lindi. Nina kibanda Kilindoni, kuku, na minazi michache. Mwaka jana nikaletewa habari kwamba Bi Mwanahawa amefariki kwao Juani. Nilivuka kwenda msibani. Wanawake walikuwa wamekaa mikekani, nami nikatafuta pa kukaa, ndipo mwanamke mmoja mwenye baibui na miwani akasogea akanipigia mkeka kwa kiganja: kaa hapa. Sikumtambua mpaka nilipoiona mikono yake.

Nilimwambia pole kwa alama. Akanishika mkono, akakirekebisha kidole kimoja, akaniitikia. Baada ya hapo alama zangu zilikwisha. Naye akatoa simu yake, akafungua mahali pa kuandika, akaiweka katikati yetu. Maandishi yake yalikuwa mafupi mafupi, yasiyo na mapambo.

*Bibi alikupenda*, aliandika.

Nilikuwa nimelisubiri neno lile miaka mingi, nikaliandika lote kwa mkupuo. *Nakuomba radhi. Nilikuandika vibaya. Miaka mitatu nilikuweka darasa lisilo lako, ukapoteza masomo. Na ulipoanza kunifaa nilinyamaza nisikupoteze. Nisamehe.*

Alisoma. Akasoma tena. Akakunja uso, si kwa hasira, bali kama mtu aliyepewa barua ya mtu mwingine.

*Darasa gani?* akaandika. *Mimi sikusoma kwako. Mimi nilifanya kazi kwako.*

Nilimtazama. Akachukua simu tena, akaandika kwa muda mrefu.

*Bibi alinivalisha nguo nzuri akanipeleka kazini. Wewe ulikuwa peke yako, watoto wengi. Niliona huwezi. Nikapanga uji. Nikaosha watoto. Nilijua mimi na wewe ni wafanyakazi, hawa ndio watoto wetu. Watu walikuja wakanipigia makofi. Nilifurahi.*

Kisha:

*Halafu ukanipeleka bara ukaniacha. Nilidhani umenifukuza kazi. Nilitafuta kosa langu. Siku moja kikombe kilivunjika, si mimi. Nilidhani ulidhani ni mimi. Niliona aibu kukutazama.*

Nilisoma huku wanawake wanasoma dua pembeni yetu, nikashindwa kuitikia amina. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nimebeba kosa moja, nimelizoea, nimelijua uzito wake. Sasa mwenye kudai ananiambia si hilo. Lile nililolililia hakulijua, na lililomuumiza silo nililoliombea radhi: ni ule mlango wa jiko. Na ile miaka niliyoihesabu kuwa nilimpotezea, yeye aliihesabu kuwa utumishi. Nani kati yetu anaielewa vizuri? Alinyimwa lugha miaka ile, hilo ni kweli na halifutiki kwa kuwa alifurahi. Lakini alifurahi, na hilo nalo ni kweli. Mpaka leo navigeuza hivi viwili na havilali pamoja. Walimu vijana wakija kwangu kuuliza upimaji mzuri hufanywaje, nawaambia mtazameni na aliyekaa mbele ya mtoto. Zaidi ya hapo sina uhakika.

Nikaandika: *Hukufukuzwa. Hukuvunja kitu. Nilipaswa kukuaga.*

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Halafu akauliza swali ambalo nadhani alikaa nalo tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili.

*Nafasi yangu ulimpa nani?*

*Hakuna*, nikaandika. *Sikupata mtu.*

Mwanaidi aliitazama ile simu. Akaandika, akafuta, akaandika tena, akanisogezea.

*Basi ulichoka sana.*

Nikamjibu kwa neno moja, na lilikuwa la kweli.